Buku kwa kila nguo: kisa cha fundi cherehani na overloki yake

Kisa hiki kinamhusu fundi cherehani wa kike katika mji mmoja wa mkoani Tanzania. Tunamwita Mama Z. Jina lake, mji wake na jina la kikundi chake cha akiba vimeondolewa. Hesabu zimewekwa kwa kina kwa makusudi, kwa kuwa bila hesabu kisa kizima kingegeuka hotuba ya kuhimizana, na hotuba za namna hiyo hazina uhaba.

Aliweka lengo moja, kununua overloki (mashine ya kushona ukingo wa nguo usifumuke), mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mara ya kwanza lilikufa mwezi Machi. Mara ya pili lilitimia, na kiasi alichojitoza kila wiki kilikuwa karibu sawa na kile cha mwanzo. Kwa hiyo swali la "alijibana zaidi?" halitufikishi popote. Jambo la kuangalia ni mahali alipoutundika mchango wake.

Usuli

Mama Z ana cherehani ya miguu, meza ya kukatia, pasi ya umeme na mwanafunzi mmoja wa ufundi. Anafanyia kazi kwenye kibaraza anacholipia kodi ya shilingi 40,000 kwa mwezi. Nyumbani ni yeye, mume anayefanya vibarua vya ujenzi, na watoto watatu, mmoja wao yuko sekondari.

Wiki ya kawaida anamaliza nguo kumi na mbili hivi. Wiki za sikukuu, harusi au kufungua shule zinaweza kufika ishirini na tano na zaidi. Ushonaji wa gauni la kitenge unamwingizia kati ya 9,000 na 12,000 kutegemea mshono. Hana overloki, kwa hiyo kila nguo ikishaungwa hupelekwa kwa fundi wa mtaa wa pili kupigwa overloki kwa shilingi 500. Mia tano inaonekana ndogo, lakini kwa wastani wa nguo kumi na nne kwa wiki ni 7,000, na kwa mwaka inakaribia 350,000. Hapo hatujahesabu foleni. Msimu wa Krismasi mwanafunzi wake alikuwa anakaa kwa huyo fundi mpaka saa mbili usiku akisubiri zamu, na nguo mbili ziliwahi kurudi zimelika ukingo kwa sababu mwenye mashine alikuwa na haraka.

Basi lengo lenyewe halikuwa ndoto ya mchana. Mashine ya 850,000, bei aliyokuwa ameulizia dukani, ingerudisha fedha yake kwa miaka miwili na nusu hata kama asingempigia mtu mwingine nguo hata moja. Ajabu ni kwamba hesabu hii hakuwahi kuifanya. Alichokuwa nacho ni hamu, na hamu haimwambii mtu ni mashine ipi inamtosha.

Jaribio la kwanza: Januari hadi Machi

Tarehe 2 Januari aliandika malengo matano kwenye daftari la vipimo, ukurasa wa nyuma: kununua overloki, kuacha soda, kutembea kila asubuhi, kuacha kushona kwa mkopo, na kujifunza kukata suti. Akaupiga picha ukurasa ule na kuuweka kwenye status ya WhatsApp.

Kwa overloki alinunua kibubu cha mbao kwa seremala. Mpango ulikuwa kuweka shilingi 3,000 kila siku ya kazi, siku sita kwa wiki. Hiyo ni 18,000 kwa wiki, na kwa wiki hamsini ni 900,000. Kwenye karatasi unapendeza, na unabakiza hata nauli ya kwenda kuichukua.

Wiki tatu za kwanza zilikwenda vizuri, akaweka 54,000 kamili. Tusisahau kwamba hizo zilikuwa wiki za sare za shule. Kwa watu wengi Januari ni mwezi wa ukata, ndiyo maana Wakenya wanauita Njaanuari, lakini kwa fundi anayeshona sare ni mwezi wa mavuno. Mama Z alipima uwezo wake wa mwaka mzima kwa kipimo cha wiki zake nono kuliko zote.

Wiki ya nne sare zikaisha. Jumatatu hakuweka kitu. Jumanne aliweka 6,000 ili kufidia, na fedha hizo alizitoa kwenye malipo ya awali ya mteja aliyekuwa ameleta kitambaa cha suti. Jumatano na Alhamisi hakuna aliyekuja kuchukua nguo. Ijumaa asubuhi alikuwa anadaiwa na kibubu chake mwenyewe 9,000, na siku hiyo hakukigusa. Alisema baadaye kwamba kuanzia hapo kila akikiona alikuwa anakipa mgongo.

Mpaka katikati ya Machi aliweka "alivyoweza", jumla 21,000. Katikati ya Februari mtoto aliugua, akachokoa kibubu kwa kisu cha mezani na kutoa 20,000. Dada wa mume, aliyekuwa ameiona ile status, alikuja kuomba mkopo wa 50,000 "kwenye ile ya mashine". Hakupewa, na pakawa na ubaridi wa wiki kadhaa.

Wiki ya tatu ya Machi kibubu kilivunjwa. Kilipaswa kuwa na 61,000, yaani 54,000 na 6,000 na 21,000 ukitoa 20,000. Zilipatikana 57,000. Elfu nne hazijajulikana zilikokwenda mpaka leo. Elfu arobaini zililipa kodi ya kibaraza iliyokuwa imelala, 17,000 zikaenda kwenye michango ya shule. Malengo mengine manne yalikuwa yamekwisha kabla ya hapo, kwa ukimya. Soda ilirudi wiki ya pili.

Kikao cha Aprili

Mama Z ni mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, cha aina ambayo Watanzania wengi wanaiita VICOBA hata pale kikundi kinapofuata utaratibu mwingine wa hisa. Mfumo wa namna hii ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, na umeenea sana Afrika Mashariki. Kikundi chake kinakutana kila Jumamosi. Hisa moja ni 3,000. Mwanachama ananunua angalau moja na zisizozidi tano kwa wiki. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Mkopo mwisho mara tatu ya hisa, riba asilimia 5 kwa mwezi. Mzunguko unavunjwa, yaani akiba na faida zinagawanywa, Jumamosi ya tatu ya Desemba.

Kwa miaka yake yote kikundini Mama Z alikuwa mtu wa hisa moja, na hakuwahi kuhusisha kikundi na overloki. Kibubu kilikuwa cha mashine, kikundi kilikuwa "cha kina mama". Mwezeshaji wa kikundi ndiye aliyemuuliza swali lililofungua mambo: hela yako inaingia lini? Si kiasi gani. Lini.

Jibu lilichukua karibu saa nzima na kurasa nne za daftari la vipimo. Hela ya Mama Z inaingia mara mbili kwa kila nguo: nusu siku ya kupima, nusu siku ya kukabidhi. Ile ya kwanza si yake bado. Ni ya uzi, zipu, bitana na vifungo, na mteja akighairi inarudishwa. Ile ya pili ndiyo jasho lake. Kibubu cha shilingi 3,000 kwa siku kilikuwa hakijali tofauti hiyo, kikila ya kwanza sawa na ya pili. Ndiyo maana Februari alikuwa anakabidhi nguo huku akikopa zipu.

Maamuzi yaliyotoka hapo ni haya.

Lengo libaki moja. Mengine manne hayakufutwa. Yaliandikwa kwenye karatasi na kupangiwa zamu baada ya Desemba. Mama Z alilipinga hili kuliko yote, kwa kuwa kutembea asubuhi hakuna gharama. Hoja ya mwezeshaji ilikuwa kwamba gharama yake ni saa moja ya asubuhi, na asubuhi ndipo wateja wanaopita kwenda kazini wanapochukua nguo.

Mchango ukatwe kwa nguo, si kwa siku. Shilingi 1,000, yaani buku, ya mashine na 200 ya dharura kwa kila nguo iliyokabidhiwa na kulipwa. Kwa nguo kumi na tatu kwa wiki ni 15,600, dhidi ya 18,000 ya mwanzo. Hakuna nguo, hakuna mchango, wala hakuna deni la mchango.

Tendo liwe na wakati wake kamili. Kanuni iliandikwa hivi: "Hela ya mwisho ikishikwa mkononi, kabla sijasema karibu tena, buku linaingia koponi." Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer alichapisha mwaka 1999 maelezo ya mipango ya namna hii, ya "likitokea hili, nafanya lile", na tafiti nyingi baada yake zimeonyesha inashika kuliko nia ya jumla. Mama Z hakuhitaji kuambiwa habari za Gollwitzer. Alihitaji kopo, nalo likatafutwa: la maziwa ya unga, kwenye droo ya meza ya kukatia, ufunguo wa droo ukiwa shingoni mwake pamoja na mkasi mdogo.

Dharura ikae kopo lingine. Hili lilitokana na kile kisu cha Februari. Chombo kimoja kikibeba mashine na homa ya mtoto, homa itashinda kila mara, na haina budi ishinde.

Kila Jumamosi kopo la mashine limwagwe kwenye hisa. Na tarehe isogezwe: mashine inunuliwe Jumamosi ya tatu ya Novemba, si "mwaka huu". Sababu ni ya biashara tu. Overloki inayofika tarehe 30 Desemba imekosa msimu ambao ungeilipa.

Mwisho ni mashine yenyewe. Kwa vitenge, pamba na sare, overloki ya nyuzi tatu inatosha kuzuia ukingo usichanike. Ya nyuzi nne inahitajika zaidi kwa anayeunga fulana na vitambaa vinavyovutika, kazi ambayo Mama Z haifanyi. Walizunguka wakapata ya nyuzi tatu iliyotumika, pamoja na meza na mota, kwa 520,000. Usafiri 15,000. Koni za uzi, sindano za akiba na kazi ya waya wa umeme 25,000. Jumla 560,000. Lengo lilikuwa limepungua kwa 290,000 kabla hata ya buku la kwanza kuingia koponi, na tunaona huu ndio uamuzi uliookoa fedha nyingi kuliko mwingine wowote katika kisa hiki.

Wiki 31

Utaratibu ulianza katikati ya Aprili. Kuweka hesabu kulipata njia ambayo hakuna aliyeipanga. Mama Z ana mto wa pini, kama kila fundi. Mteja anakuja, anajaribu gauni, anageuka mbele ya kioo, anatoa noti ya elfu kumi. Mama Z anaipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto unavuta droo. Buku kopo la maziwa, mia mbili kopo la kahawa. Kisha anahamisha pini moja kutoka upande wa kulia wa mto kwenda wa kushoto. Ndipo anasema "karibu tena, dada." Jumamosi mchana, kabla ya kwenda kikundini, mwanafunzi wake anahesabu pini za kushoto naye anahesabu kopo. Pini kumi na tatu, shilingi 13,000. Zikipishana wanajua palepale, tena wanajua ni wiki hiyohiyo.

Kibubu hakikuwa na kitu kama hicho. Elfu nne zilizopotea Machi zilipotea kwa sababu hapakuwa na mahali ambapo kosa lingeonekana mpaka siku ya kuvunja.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa kawaida, hisa tatu au nne kwa wiki. Tatizo la kwanza lilikuwa la wateja wa "nitakuletea mwisho wa mwezi". Nguo ilitoka, hela haikuingia, pini ikabaki kulia. Kwa wiki zote 31 nguo za namna hiyo zilikuwa 17. Zingine zililipwa baadaye sana, zingine bado.

Tatizo la pili lilitoka kusikotarajiwa, kwenye wingi. Wiki mbili kabla ya Iddi ya Kuchinja alikabidhi nguo 22 kila wiki. Pini na kopo vikalingana, 22,000. Lakini kikundi kinapokea hisa tano tu, 15,000. Elfu saba zikabaki koponi wiki ya kwanza, elfu saba wiki ya pili. Hizo 14,000 hazikuwa na pa kwenda, na hela isiyo na pa kwenda hupata pa kwenda: muuza vitenge alipita na mzigo wa kufungia duka. Mwezeshaji alipoulizwa kwa nini hakuliona hili mapema, jibu lake lilikuwa kwamba kanuni zilitungwa kwa kuogopa wiki mbaya, hakuna aliyeogopa wiki nzuri. Dawa ilikuwa rahisi ilipokuja: ziada ikabidhiwe kwa mwekahazina na kuandikwa kwenye daftari kama hisa za wiki zijazo. Kwa zile 14,000 ilikuwa imechelewa.

Julai ilikuwa mtihani. Msiba wa upande wa mama yake ulimpeleka kijijini wiki mbili. Hakushona nguo hata moja. Nauli ilitoka kopo la kahawa, 40,000 zote zilizokuwamo pamoja na alizoongezewa na mume. Hisa ya lazima ya wiki hizo mbili ililipwa na mwekahazina kutoka kwenye salio dogo alilokuwa amelitanguliza, na faini za kutohudhuria zilisamehewa kama katiba ya kikundi inavyosema kuhusu misiba. Alirudi Jumapili usiku. Jumanne mteja alichukua sketi, buku likaingia, pini ikahama.

Linganisha na ile wiki ya nne ya Januari. Kule siku tatu kavu zilitosha kuua mpango. Hapa wiki mbili nzima zilipita na siku ya kwanza ya kurudi haikumdai kitu zaidi ya siku nyingine yoyote. Utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2010, uliofuatilia watu wakijenga tabia mpya, ulikuta kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana, na kwamba muda wa tabia kuzoeleka ulitofautiana sana baina ya watu, kuanzia siku 18 hadi 254. Kinachoharibu ni kanuni inayogeuza siku iliyorukwa kuwa deni.

Hadi Jumamosi ya tatu ya Novemba nguo zilikuwa 402. Ukitoa 17 za mkopo, zilikatwa nguo 385, yaani 385,000. Ukitoa 14,000 za vitenge zinabaki 371,000: hisa 123 zenye thamani ya 369,000, na 2,000 koponi. Kopo la dharura lilikusanya 77,000 na kutumia 71,000.

Kununua na kufunga hesabu

Hapa ndipo mpango ulipokuwa na ufa. Hisa hazitoki mpaka mzunguko uvunjwe Desemba, na mashine ilitakiwa Novemba. Vikundi vingi husimamisha mikopo wiki kadhaa kabla ya kuvunja. Hiki kilikubali mkopo wa mwezi mmoja kwa kuwa hisa zake zilifunika karibu theluthi mbili na wadhamini wawili walisaini. Alikuwa ameuliza tangu Septemba. Angeuliza Novemba, wadhamini hao wangekuwa wameshajifunga kwa wengine.

Alikopa 560,000. Kwa riba ya mwezi alitakiwa kurudisha 588,000 siku ya kuvunja. Mashine ilifika, na siku nne za kwanza haikushona: sindano zilizokuja nayo zilikuwa za saizi isiyofaa, uzi ukawa unaruka. Fundi wa mashine alichukua 20,000 ambazo hazikuwa kwenye bajeti. 6,000 zilitoka kopo la kahawa na 14,000 kwenye hela ya chakula. Anayenunua mashine iliyotumika aende na kitambaa chake na ashone mita mbili mbele ya muuzaji, tena kwa kasi. Mashine nyingi zinashona vizuri polepole.

Mwezi ule wa Krismasi ulitoa nguo 108. Nguo 19 zilichukuliwa kwa ahadi ya kulipa baada ya sikukuu, zikabaki buku 89, yaani 89,000. Zile 500 alizokuwa analipa nje zilimbakia, 54,000, ukitoa uzi na umeme wa 9,000 ni 45,000. Mafundi jirani walileta nguo 62 kupigwa overloki, 31,000. Jumla 165,000.

Kikundi kilipovunja, kila hisa ya 3,000 ilitoa 3,450. Hisa 123 zikawa 424,350. Deni 588,000 ukitoa hizo ni 163,650. Zilibaki shilingi 1,350.

Uchambuzi

Shilingi 1,350 inasomwa kwa furaha kikundini. Sisi tunaisoma kama onyo. Nguo tatu zaidi za mkopo, au siku nne nyingine za uzi kuruka, na angevunja mzunguko akiwa na deni mbele ya wadhamini wake. Mpango mzuri zaidi ungenunua katikati ya Oktoba, ukiacha miezi miwili ya kulipa. Riba ya mwezi wa pili ingezidiwa na mapato ya overloki kwa nguo za nje. Kosa hili ni la mwezeshaji kuliko la Mama Z. Alitazama msimu, hakutazama kalenda ya kikundi.

Kilichofanya kazi zaidi kuliko vyote ni kuuhamisha mchango kutoka kwenye siku kwenda kwenye nguo. Mtu mwenye mshahara anaweza kukata kwa mwezi, kwa kuwa hela yake inakuja kwa mwezi. Mvuvi akate kwa mzigo uliouzwa mnadani, mwenye bodaboda kwa siku baada ya kutoa hesabu ya tajiri, mkulima kwa gunia. Hili la mkulima lina ushahidi wake: magharibi mwa Kenya watafiti waliwapa wakulima nafasi ya kulipia mbolea mara tu baada ya kuvuna, wakati hela ipo, na wanunuzi wakaongezeka. Bei ilikuwa ileile, isipokuwa hawakutozwa gharama ya kuletewa mbolea hiyo.

Kuhusu chombo cha kuwekea, kuna kosa ambalo hata wawezeshaji wazoefu hulifanya: kudhani kwamba kadiri kufuli inavyokuwa kubwa ndivyo akiba inavyokaa. Utafiti mwingine wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2013, uliwapa watu visanduku vya akiba ya afya. Kisanduku ambacho ufunguo wake ulikaa kwa mwenyewe kiliongeza akiba hiyo kwa asilimia 66. Kile ambacho mwenyewe hakuwa na ufunguo hakikuwa na nguvu hiyo, kwa sababu watu waliogopa hela kukwama siku ya shida. Akiba ya kikundi nayo ilifanya vizuri sana. Mama Z alipata vyote viwili bila kukusudia: kopo lenye ufunguo shingoni kwa siku sita, kufuli tatu kuanzia Jumamosi, na kopo la kahawa pembeni ili kufuli hizo zisimtishe.

Usiri una pande mbili. Status ya Januari iliwafikia watu zaidi ya mia, na hakuna hata mmoja aliyemhesabia chochote. Aliyekuja, alikuja kukopa. Kuanzia Aprili walijua watu wanne: mume, mwanafunzi, mwekahazina na mwezeshaji. Wawili kati yao walishika hesabu kila wiki. Kutangaza lengo na kuhesabiwa lengo ni mambo mawili tofauti, na ya kwanza inaweza kumlisha mtu sifa za kazi ambayo hajaianza.

Kilichoshindikana moja kwa moja ni kushona kwa mkopo. Nguo 17 kwa wiki 31, kisha 19 kwa mwezi mmoja. Lilikuwa lengo la nne kwenye orodha ya Januari, likawekwa zamu ya baadaye, na huenda lilistahili kutangulia. Nguo hizo 36 ni buku 36 zilizokosekana, na ushonaji wake wote haukulipwa kwa wakati. Wanaokipitia kisa hiki na vikundi vyao waanze mjadala hapa: je, Aprili ile lengo moja lingekuwa lile la mkopo badala ya mashine, mashine ingechelewa au ingewahi?

Kuna jambo jingine la baada ya Desemba. Mashine ilipolipwa, pini ziliacha kuhama. Kopo la maziwa likawekwa vifungo. Kwa wiki saba, zikiwemo wiki zote za sare, hakuna buku lililokatwa, na mzunguko mpya wa kikundi alirudi kuwa mtu wa hisa moja. Kanuni ilikuwa imeandikwa kwa jina la overloki, na overloki ilikuwa imeshafika. Februari ada ya sekondari ilipomkuta mikono mitupu, alivimwaga vifungo mezani, akalirudisha kopo kwenye droo na kuandika kanuni upya kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari. Safari hii nguo yake mwenyewe anakata buku, na ya fundi jirani inayokuja kupigwa overloki anakata mia mbili.